Kioo cha Dashibodi: Mafundi Wanajibu

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu skrini za gari. Zilizofanana tumeziunganisha. Ndefu zimejibiwa kwa urefu, fupi kwa ufupi.

Rangi kwa rangi?

*Assalaam aleikum mafundi. Nina Toyota Fielder ya 2012 iliyotoka Japani. Nimenunua skrini ya Android ya inchi 9 pamoja na fremu yake. Aliyefunga redio iliyokuwemo alikata plagi za kiwandani, kwa hiyo nimebaki na nyaya tupu zinaning'inia. Rangi nyingi za gari zinalingana na za skrini. Je, niunganishe rangi kwa rangi? — Msomaji, Kisauni*

Wa aleikum salaam. Usithubutu, ndugu yetu. Skrini nyingi huungua hapo hapo, kabla hazijaonyesha picha ya kwanza.

Nyaya za skrini za dukani hufuata utaratibu wao: njano ni umeme wa kudumu wa betri, nyekundu ni umeme wa ACC (unaokuja ufunguo ukiwa hatua ya kwanza, kabla ya kuwasha injini), nyeusi ni hasi, na buluu hupeleka umeme kwenye antena. Spika ni nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, kila moja na mwenziwe mwenye mstari mweusi. Toyota wana utaratibu mwingine. Katika plagi yao kubwa ya pini 10, umeme wa kudumu ni waya wa buluu wenye mstari wa njano, ACC ni kijivu, hasi ni kahawia, na kijani huleta umeme ukiwasha taa. Plagi ndogo ya pini 6 ni ya spika za nyuma: mweusi na wa njano ni za kushoto, mwekundu na mweupe ni za kulia.

Sasa tazama mtego. Ukifunga njano kwa njano na nyeusi kwa nyeusi, umeipeleka njia ya umeme ya skrini kwenye spika ya nyuma, na skrini haiwaki. Unadhani ni mbovu, unazungusha ufunguo kujaribu tena. Wakati huo kijivu cha gari, chenye volti 12, kimefungwa kwa kijivu cha skrini, ambacho ni mdomo wa spika ya mbele kulia. Chipu ya sauti inapigwa na umeme wa betri. Usiku ukiwasha taa, kijani nacho kinafanya vivyo hivyo upande wa nyuma.

Kwa hiyo amini mita ya kupimia umeme, rangi zikusaidie kukisia tu. Na kwa gari ambalo tayari limeshikwa na mikono mingine, hata kukisia punguza.

Toa waya wa hasi wa betri kwanza, usubiri angalau sekunde 90 ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mifuko ya hewa uishe. Plagi yoyote ya njano utakayoikuta ndani ya dashibodi ni ya mifuko hiyo: usiichomoe, usiipime kwa mita. Vua fremu ya mbele kwa kabari ya plastiki, si bisibisi, maana bisibisi huacha kovu. Nyuma yake fungua bolti 4 za spana namba 10, utoe redio.

Ukishatenganisha ncha zote zisigusane, rudisha betri upime. Waya wenye volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni ndio wa kudumu. Unaopata 12 kwenye ACC na kurudi 0 ukizima ndio wa ACC. Unaofuata swichi ya taa ndio wa mwanga. Hasi ipime betri ikiwa imetolewa tena: kati yake na chuma kitupu cha bodi, mita isome chini ya omu 1. Pwani hii chumvi ya hewani hula bolti za hasi. Ikisoma omu 3 au 5, fuata waya huo hadi kwenye bolti yake, kwaruza kutu, kaza upya na upake grisi.

Spika zitafute kwa betri ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5. Gusisha ncha zake kwa jozi unayoishuku. Spika itatoa mlio mfupi, "kwach", utajua ni ya mlango gani. Mwenzako akiwa ameondoa kava la spika, aangalie karatasi yake: ikiruka kuja nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikiingia ndani, geuza. Ukikosea chanya na hasi kwenye spika moja hakuna kitakachoungua, ila besi hupotea na watu hulaumu skrini. Usifunge hasi ya spika kwenye bodi ya gari. Kwenye skrini hizi nyaya zote mbili za spika hutoka ndani ya amplifaya, na ukigusisha mmoja kwenye bodi unaiua.

Kuunganisha, bora ununue plagi za Toyota za pini 10 na 6 zenye nyaya, ufungie upande wa skrini, ili siku ya kuiuza gari uchomoe tu. Ukilazimika kuunga waya kwa waya, menya sentimita 1, vika kwanza kile kipira kinachonywea kwa joto, sokota, tia lehemu, kisha kipashe kipira. Maungio yasikae mahali pamoja. Yapishanishe, la sivyo utapata fundo lisiloingia nyuma ya skrini. Tepu ya plastiki ya kawaida haifai kwa joto la Mombasa. Miezi ya kaskazi gundi yake huyeyuka ikawa kama asali, tepu hufunguka yenyewe na nyaya hugusana.

Fyuzi ibaki ile iliyoandikwa kwenye waya wa njano, kwa kawaida 10 au 15. Ikikatika, tafuta sababu. Anayekuwekea ya 30 amekuondolea kinga tu.

Kabla ya kukaza bolti, jaribu kila kitu: sauti ya milango yote minne, redio, kamera, mwanga wa usiku. Tumia skrubu fupi zilizokuja na skrini. Ndefu hupenya ubavuni na kutoboa bodi ya ndani, na hilo hutokea fundi akiwa tayari anafuta mikono. Antena ya GPS iweke juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele, sumaku ikitazama chini, pasiwe na chuma juu yake. Maikrofoni ukiipitisha kwenye nguzo ya pembeni, usiivukishe mbele ya mfuko wa hewa wa pazia.

Redio nayo. Magari mengi ya Japani yenye boneti ya nyuma ndefu yana antena iliyochorwa kwenye kioo, na kikuza mawimbi kidogo kinachohitaji volti 12 kutoka waya wa buluu wa skrini. Usipoufunga, utashika stesheni mbili tatu zenye mvumo. Kisha ingia kwenye mipangilio, eneo la redio uchague Ulaya. Ukiacha Marekani, redio huruka hatua za 0.2 na hukaa kwenye desimali witiri tu, 95.3, 95.5, 95.7. Yenye desimali shufwa huipati sawasawa. Usimruhusu mtu akufungie kile kiongeza masafa kilichokuwa kwenye redio ya Kijapani. Kile kilikuwa cha kusaidia redio inayoishia 90, na kwenye skrini mpya kinaharibu mapokezi.

Waya wa breki ya mkono una kazi yake: hukata video gari likitembea. Wengi huufunga moja kwa moja kwenye hasi ili abiria waone filamu. Dereva naye ana macho. Sisi tunaufunga kwenye swichi ya breki ya mkono.

Kuchimbia LCD mwenyewe

*Shikamooni. Nina Corolla 110 na sitaki redio ya kununua. Nina kioo cha LCD cha inchi 7 chenye bodi ya HDMI, pamoja na Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Nataka kikae ndani ya dashibodi kama kimetoka kiwandani. Au nitumie LCD ya laptopu mbovu niliyo nayo? — Mwanafunzi wa umeme, Tudor*

Marahaba mwanetu. Ya laptopu iache. Mwangaza wake huwa kandela 200 hadi 300 kwa mita mraba, na jua la saa sita hapa linaufuta kabisa. Kwenye gari anza na 500. Ukipata 800 hadi 1,000 umepata. Pili, vioo vya laptopu vimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 50 hivi, ilhali vya magari huvumilia hadi 85. Tatu, za zamani hutumia plagi ya LVDS ya pini 40, za sasa eDP ya pini 30, na bodi ya moja haiendeshi nyingine.

Angalia pia aina ya kioo. Hapa dereva hukaa kulia, kwa hiyo anakitazama kwa pembeni. Kioo cha IPS hakijali. Cha TN hugeuza rangi ukikitazama kutoka upande wake mbaya. Kama ndicho ulicho nacho, kiwashe mezani, kitazame kutoka kulia na juu kidogo, kisha kigeuze kichwa chini uone upande upi unapendeza. Picha utaigeuza kwenye programu.

Kioo cha inchi 7 kwa kawaida kina upana wa milimita 165 na kimo cha 100, na tundu la redio ya din mbili (kipimo cha kawaida cha redio kubwa za gari) ni 178 kwa 102. Kinaingia, ila kimo kinabana. Usikate fremu uliyo nayo. 110 zilizochinjwa ni nyingi, tafuta fremu ya pili ya kuharibia. Chora kwanza kwenye kadibodi, uijaribishe kwenye gari, ukae kwenye kiti na kuzungusha gia zote. Ndipo ukate plastiki ya ABS ya milimita 3. Tundu liache nusu milimita kila upande, na kioo kikalie ukanda wa sponji wa milimita 1, kishikwe na vibano vya nyuma. Ukikibana kavu, plastiki ikitanuka kwa joto inakikamua, na utaona madoa meupe kwenye pembe za picha. Gundi isiguse kioo. Maungio ya fremu yajaze kwa puti ya plastiki, si ya bodi ya gari, kwani ya bodi ni ngumu na hupasuka. Piga msasa 240, 400 halafu 600, kisha rangi nyeusi isiyong'aa. Rangi ya kung'aa itarudisha jua kwenye macho yako.

Umeme ndio utakaokusumbua zaidi. Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, kioo kinaongeza karibu 1. Vile vigeuza umeme vidogo vya LM2596 huandikwa ampea 3, lakini bila bati la kupoza vinatoa 2 kwa taabu, na nyuma ya dashibodi hakuna upepo. Tafuta cha ampea 8 hata kama unatumia 4. Upande wa volti 12 hiyo ni ampea 2 hivi, kwa hiyo fyuzi ya 3 inatosha, ikae karibu na mahali unapochukua umeme. Altaneta hutoa 13.8 hadi 14.4 na mara nyingine hurusha mshindo mkubwa zaidi. Dayodi ya TVS 1.5KE24A kati ya chanya na hasi, baada ya fyuzi, humeza mshindo huo. Waya wa volti 5 uwe mnene, mfupi, chini ya nusu mita. Ukiona alama ya radi kwenye kona ya picha, volti zimeshuka chini ya 4.63 na kosa liko kwenye waya au kigeuzi, si kwenye kompyuta.

Usiipokonye umeme ghafla kila unapozima gari, maana kadi ya kumbukumbu itaharibika. Weka relei yenye kuchelewa sekunde 60, na ishara ya ACC iipelekee Pi ikiwa na programu ya kuizima. Ishara hiyo ipitie kwenye optokapla (kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga, bila nyaya kugusana), kwani pini za Pi hazizidi volti 3.3 na ukizigusisha 12 umeaga.

Joto. Ikifika nyuzi 80 Pi hujipunguza kasi. Feni ndogo na matundu ya juu na chini yanatosha. Usielekeze bomba la AC moja kwa moja kwenye bodi. Ukizima gari na kufungua mlango, unyevu wa bahari hutua kama jasho juu ya bodi iliyopoa, na chumvi humo humo.

Redio ya FM ikianza kuvuma kioo kikiwaka, kigeuzi au waya wa HDMI ndio unaorusha kelele. Visogeze mbali na waya wa antena, na vika pete ya feraiti pande zote mbili za HDMI.

Betri imekufa asubuhi

*Tangu nifungiwe skrini, nikiacha gari siku mbili haliwaki. Fundi anasema betri imezeeka. Ina miezi minne. — Mama wa Vitz, Bamburi*

Mama, mtetee betri wako. Karibu kila mara hii ni kwa sababu waya wa njano na mwekundu wa skrini vimesokotwa pamoja kwenye umeme wa kudumu, kwa kuwa fundi hakuipata ACC. Skrini hailali, inafunga kioo tu. Ikinywa nusu ampea, betri ya saa-ampea 35 inafika nusu ndani ya saa 35, na nusu yake haizungushi injini.

Kuhakikisha: mita kwenye ampea 10, kati ya nguzo ya hasi na waya wake, milango imefungwa, ufunguo mbali. Subiri nusu saa kompyuta za gari zilale. Gari zima lisizidi miliampea 50. Chomoa fyuzi ya redio. Ikishuka ghafla, umempata mwizi. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika.

Giza saa sita

*Nikiwa foleni ya feri Likoni mchana, skrini inaanza kuwa na wingu jeusi katikati hadi yote. Jioni inarudi. Niibadilishe? — Dereva wa teksi*

Bado. Kioo kimevuka kiwango cha joto ambacho umajimaji wake unaweza kupanga mwanga, kikipoa kinarudi. Kikifanya hivyo kila siku lakini, ile karatasi ya juu huanza kugeuka njano na gundi kutoa mapovu, na hayo hayarudi. Weka kizuizi cha jua ukiegesha, na kwenye foleni punguza mwangaza, kwani taa za nyuma ya kioo nazo huongeza joto. Ukibadilisha, ulizia cha nyuzi 85.

Rosa ya volti 24

*Fundi amechukua umeme wa skrini ya basi letu la Rosa kwenye betri moja kati ya mbili. Inafanya kazi vizuri. Kuna ubaya? — Kondakta, njia ya Malindi*

Upo, subiri miezi michache. Betri ya chini inatumika peke yake lakini inachajiwa pamoja na mwenzake. Hii inabaki njaa, ile inajazwa kupita kiasi hadi inachemka maji. Zote mbili zitakufa. Weka kipunguza umeme cha 24 hadi 12, ampea 10 na zaidi, kwenye chuma chenye hewa.

Kamera ya kiwandani

*Nimebadilisha redio ya Toyota, nataka kamera yake ya nyuma ibaki. Niipe umeme wa taa za rivasi? — Msomaji, Mikindani*

Hapana. Kamera nyingi za kiwandani za Toyota zinakunywa volti 6. Umeme wa rivasi ni 12, na kamera itakufa siku hiyo hiyo. Kuna adapta yenye kipunguza volti ndani yake, nunua hiyo. Ukifunga kamera mpya ndipo uchukue 12 ya taa ya rivasi, na waya mwembamba mwekundu ulio ndani ya kebo ya video uende kwenye waya wa skrini ulioandikwa BACK. Picha ikija imekatikakatika au nyeusi na nyeupe, si lazima kamera iwe mbovu. Kwenye mipangilio chagua aina ya ishara ya video, AHD au CVBS, kulingana nayo, halafu mfumo wa picha, PAL au NTSC. Ikija kinyume, kama kioo cha kinyozi, tafuta kitanzi kidogo cha waya kwenye kebo ya kamera. Kimoja ni cha kugeuza picha, kingine ni cha mistari. Kata kimoja, uone. Ungio la plagi lililo ndani ya boneti ya nyuma lifunge kwa kile kipira kinachonywea. Likiachwa wazi huota kutu ya kijani kabla ya mwaka.

Miwani

*Skrini mpya inaonekana vizuri kwa mke wangu, mimi naona giza. — Msomaji, Nyali*

Vua miwani yako ya jua, ni ya polaroidi, inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Ukiinamisha kichwa ubavuni picha itarudi. Miwani ya giza ya kawaida haina shida hiyo.